Chembe Sahani Zinaponaswa Ndani ya Uvimbe

DAKTARI: Karibuni tena. Leo tunazungumzia alama za kuzaliwa zinazovuruga kuganda kwa damu. Zile alama nyekundu za kawaida, zinazokua miezi ya mwanzo kisha zinanywea zenyewe, hazimalizi chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoisaidia kuganda, hata zikiwa kubwa.

SISTA: Wengi tulifundishwa kinyume, Daktari.

DAKTARI: Na kosa hilo ni la zamani, Sista. Mwaka 1940 madaktari Kasabach na Merritt walieleza mtoto mchanga mwenye uvimbe mkubwa wa mishipa ya damu na upungufu mkali wa chembe sahani. Wakauita hemanjioma, jina la zile alama nyekundu za kawaida. Hadi 1997 ndipo vipimo vya vinyama vilipoonyesha kwamba chanzo ni uvimbe mwingine: hemanjioendothelioma ya kaposifomu, au nduguye, anjioma ya vishada. Wazazi wakisikia "kaposi" wanashtuka. Si saratani ya Kaposi na haihusiani na VVU. Ni mfanano wa seli tu chini ya hadubini.

SISTA: Mkono nao unasema mengi. Weka kiganja juu ya uvimbe huo: mgumu, una joto, rangi ya zambarau iliyokolea, ngozi imevutika hadi inang'aa. Pembeni kuna vidoa vya damu, na mtoto anavilia kila anapochomwa sindano. Uvimbe ukijaa ghafla ndani ya siku moja au mbili, pima damu siku hiyo hiyo.

DAKTARI: Utakuta chembe sahani chini ya 50,000 kwa mikrolita ya damu, mara nyingine hata chini ya 20,000, wakati kawaida ni 150,000 kwenda juu. Fibrinojeni, protini inayogandisha damu, inashuka chini ya gramu 1 kwa lita. D-dima, yaani vipande vinavyobaki bonge la damu likiyeyushwa, iko juu sana.

SISTA: Mradi sampuli iwe sahihi. Kichupa cha kifuniko cha bluu kijazwe hadi kwenye mstari, damu sehemu 9 kwa sehemu 1 ya sitrati, dawa inayozuia damu kuganda. Ukijaza nusu, dawa inazidi damu na majibu yanadanganya. Na damu ikiganda kidogo kwenye kichupa cha zambarau, mashine inahesabu chembe sahani pungufu, kwa hiyo omba waziangalie kwenye hadubini pia.

DAKTARI: Sasa kosa linaloniumiza zaidi. Mtu anaona 12,000, anaagiza chembe sahani. Zinaingia, zinanaswa mle mle, uvimbe unazidi kujaa na kuuma, na baada ya saa chache hesabu imerudi ilipokuwa. Zihifadhi kwa mtoto anayevuja damu kweli au anayeingia chumba cha upasuaji. Fibrinojeni ikiwa chini na anavuja, mpe krayo (sehemu ya plazima yenye fibrinojeni nyingi) au plazima, yaani majimaji ya damu. Asipewe heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wala aspirini wala ibuprofeni.

SISTA: Tiba yenyewe?

DAKTARI: Kuuzima uvimbe. Prednisoloni miligramu 2 kwa kilo kwa siku, pamoja na sirolimasi, dawa inayozuia uvimbe kukua, miligramu 0.8 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara mbili kwa siku. Kichanga anaanzia chini ya hapo, kwa sababu mwili wake unaiondoa dawa polepole. Pale ambapo sirolimasi haipatikani, vinkristini, dawa ya saratani, ya kila wiki bado ni dawa nzuri.

SISTA: Damu ya kupima kiwango cha sirolimasi ichukuliwe kabla ya dozi ya asubuhi. Mama akishampa, kipimo hicho hakifai tena. Septrini iendelee ili kuzuia nimonia, chanjo zenye virusi hai zisubiri, na asipewe balungi. Flukonazo, dawa ya fangasi, inapandisha kiwango cha sirolimasi; rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inakishusha.

DAKTARI: Sasa geuka upande wa pili, ambako mambo yanapinduka. Kuna hitilafu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo: bluu, laini, ukiibonyeza inabonyea kama sponji, mtoto akilia au akiinama inajaa, mguu ukiinuliwa inanywea. Humo damu inatuama, inaganda na kuyeyuka bila kukoma, na fibrinojeni inaliwa taratibu. D-dima inapanda, lakini chembe sahani zinapungua kidogo tu, mara nyingi ziko kati ya 100,000 na 150,000.

SISTA: Na vidole vinagusa vijiwe kama mbaazi, mabonge yaliyokauka yakashika chokaa. Ndivyo vinavyomwamsha mtoto usiku kwa maumivu.

DAKTARI: Huyu sasa ndiye wa heparini! Fibrinojeni ikiwa chini na upasuaji unakuja, enoksaparini, aina ya heparini, miligramu 0.5 kwa kilo mara mbili kwa siku, kwa aliyezidi miezi 2, kuanzia wiki moja hadi mbili kabla. Isimamishwe saa 12 hadi 24 kabla ya kisu, irudishwe daktari wa upasuaji akiridhika. Ukipuuza, kisu chenyewe kinaweza kuwasha mgando wa mwili mzima, na mtoto akavuja kila mahali.

SISTA: Soksi ya kubana ivaliwe asubuhi akiwa bado amelala, kabla mguu haujajaa.

DAKTARI: Na binti mwenye hitilafu kubwa ya vena mguuni akifikia umri wa kuhitaji uzazi wa mpango, asipewe vidonge vyenye estrojeni, maana bonge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Akipata maumivu ya kifua au pumzi ikimkata ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na wanaomleta wataje ule mguu kabla ya kuulizwa.