Mfereji, Kahawa na Sanduku la Makufuli Matatu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma, asanteni kwa kunialika.

Ukitaja mtaji wa kijamii, yaani watu kuaminiana na kuwajibishana kiasi cha kufanya kazi pamoja, wasomi watakupeleka Italia. Kule serikali za mikoa zilianza kazi mwaka 1970 chini ya katiba moja, lakini za kaskazini zikafanya vizuri kuliko za kusini. Robert Putnam, msomi wa siasa wa Marekani, akasema chanzo ni miji ya kaskazini iliyojitawala tangu karne za kati. Hoja tamu, ila inanikera. Kwa hiyo kama mababu zako wa miaka mia nane nyuma hawakujipanga, wewe ndiyo basi tena?

Mimi nawapeleka Kilimanjaro.

Wachagga walichimba mifereji, mifongo wanavyoiita, kabla Mjerumani hajafika. Maji yanashuka kutoka msituni, yanapita kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha huyu na cha yule, ndipo yafike kwako. Wa juu akiziba, migomba ya wa chini inakauka. Kwa hiyo mfereji ulikuwa na mkuu wake, zamu zake, na siku za msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuuzibua. Asiyetokea alitozwa faini, ambayo mara nyingine ilikuwa pombe, na wanywaji ni wale wale waliotoka jasho. Hapo sioni tabia njema ya kuzaliwa nayo. Naona jirani anayejua zamu ya jirani yake, na kosa linaloonekana kabla jua halijazama. Na tusipambe: wanawake hawakuwa na sauti kwenye mambo ya mfereji.

Ikaja kahawa. Walowezi hawakutaka Mwafrika alime arabika. Walidai mashamba yake yatazalisha magonjwa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, wakapambana na wadudu na kuuza kwa pamoja. Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikiwa na vyama vya msingi huku chini mlimani. Mizani ilikuwa jirani na nyumbani, na karani ni mtoto wa fulani. Hata hivyo, bei ziliposhuka na watu wakalazimishwa kuuza kupitia chama hicho hicho, mwaka 1937 zikazuka ghasia. Wapo wanaozitaja ghasia zile kama doa. Mimi naziona ni dalili ya uzima: mwanachama alikuwa bado anakihesabu chama kuwa chake, na anakidai.

Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, ununuzi wa mazao ukaenda kwa mamlaka za mazao za Serikali. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Majina yakarudi, mihuri ikarudi. Kurudisha mkulima anayesimama mkutanoni na kuuliza makato haya ni ya nini, hilo halikuwezekana kwa tangazo la Serikali. Kilichochukua nusu karne kujengwa kilivunjwa kwa amri moja, na miaka hamsini si mia nane, ndugu zangu. Ndiyo maana sikubali kwamba historia ni hatima.

Leo utaratibu ule nauona zaidi kwa akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote kila wanapokutana. Mtu huanza kwa kununua hisa zake mwenyewe, mkopo unafuata baadaye.

Sasa linganisheni na ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kukopesha vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nia ni nzuri na mkopo hauna riba. Lakini fedha zikitangulia, kikundi huundwa ili kuzifuata: katiba ya kunakili, majina matano, picha ya pamoja. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, zimetaja vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, na mwaka 2023 Serikali ikasitisha utoaji kwa muda. Maafisa maendeleo ya jamii mlio hapa, kabla ya kuomba andiko la mradi, ombeni daftari la michango la mwaka uliopita, mkae kwenye mkutano wao mmoja mkiwa kimya, muone nani anauliza maswali na nani anajibu.