Fumbo lako huwezi kulijaribu mwenyewe

Haya, waliokaa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tunaongea kuhusu kutunga fumbo la maneno, lile la kujaza herufi kwenye visanduku, wengine tunaita chemsha bongo, ila hasa hasa nataka nikae pale unapompa mtu alijaze kabla hujalisambaza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapita mbio.

Gridi kwanza, yaani ule mchoro wa visanduku. Fumbo la kwanza la aina hii lilitoka tarehe 21 Desemba 1913 kwenye gazeti la New York World, alilitunga Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, umbo lake kama almasi. Baadaye magazeti ya Marekani yakazoea mraba wa 15 kwa 15 ambao kila herufi inaguswa na maneno mawili, la mlalo na la wima. Sasa mtu anachukua mraba ule ule anataka kuujaza kwa Kiswahili, anakwama wiki nzima anadhani msamiati wake ndio mdogo. Sio msamiati jamani! Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na kwenye mstari wa chini kabisa kila kisanduku ni mwisho wa neno la wima, kwa hiyo mstari mzima unadai irabu tupu, a i e o a, neno gani hilo? Basi gridi ya Kiswahili iache iwe na mapengo kama wavu, herufi moja ikatane na neno lingine, inayofuata iachwe, kama yalivyo mafumbo mengi ya Uingereza. Au weka silabi kwenye kisanduku badala ya herufi, Wajapani wanajaza kwa kana zao, zile alama ambazo kila moja ni kama silabi, na inawaendea vizuri tu. Na amua mapema ch na sh ni visanduku viwili au kimoja (mimi naweka viwili) halafu waambie watu.

Haya, sasa kujaribiwa. Nilikuwa na fumbo nimelikagua mara nyingi sana, naliona safi kabisa. Kidokezo cha mlalo: "Hung'aa usiku", herufi 5. Jibu NYOTA. Kwenye ile N linashuka neno la herufi 4, "Hutoka kinywani", jibu NENO. Nikampa rafiki yangu. Akaandika MWEZI. Herufi tano, unang'aa usiku, kakosea wapi? Halafu kwenye M akaandika MENO, maana meno nayo hutoka kinywani, mtoto yeyote atakwambia. Sasa angalieni, makosa mawili yanapeana ushahidi, kila moja linamwambia mwenzake uko sawa! Alikuja kugundua kwenye herufi ya tatu, palipotakiwa kushuka OMBA, kwake ikawa EMBA, na yeye OMBA alikuwa ana uhakika nalo, basi akakaa pale dakika nyingi anatafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye mwezi wake.

Mimi nisingeiona hiyo hata ningekagua mwaka mzima. Ukishajua jibu ni NYOTA, mwezi haupo tena kichwani mwako. Huko sio kukosa umakini, ni hali ya kila mtunzi, na dawa yake ni mtu asiyejua. Nikabadilisha kikawa "Moja kati ya nyingi zing'aazo usiku", na "Hutoka kinywani" nikaifuta, nikaandika "Likisemwa halirudi".

Namna ninavyofanya ni hivi, nampa peni, sio penseli, ili alichokata kibaki kinaonekana, halafu nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu aisee, unamwona anakaribia jibu unataka kumsogezea, usimsogezee. Ukishaanza kueleza kidokezo ulimaanisha nini basi hicho kidokezo kimeshindwa kazi, kiandike upya. Akimaliza usimuulize umelipendaje, atakwambia zuri tu kwa sababu anakupenda. Muulize alianzia wapi, wapi alibahatisha, jibu gani aliliandika bila kujua ni kwa nini ni hilo.

Na mtu anafaa mara moja tu kwa fumbo moja, akishaona majibu ameshakuwa kama wewe. Kwa hiyo ukiwa na watu watatu usiwape wote siku moja, mpe wa kwanza, rekebisha, mpe wa pili toleo jipya.

Kuna malalamiko ya kukataa lakini. Nilikuwa na MTO, kidokezo "Hulaliwa, huvukwa", mtu akahangaika nacho muda mrefu, akaniambia ni kigumu mno, kilegeze. Ila nilikuwa namwangalia wakati anakipata, akapiga meza akasema aaah! Hicho sikigusi. Kigumu ni kitu kimoja, kuonewa ni kitu kingine. Kuonewa ni pale unapokatanisha majina mawili ambayo msomaji huenda hayajui, hapo hata afikiri vipi hana njia. Wamarekani wana jina lake kabisa, Natick, mji wa Massachusetts uliowekwa kwenye fumbo la New York Times ukakatana na jina la mchoraji N.C. Wyeth kwenye ile N, na mwanablogu Rex Parker akaugeuza kuwa jina la kosa lenyewe. Kwetu majina yakikatana mara nyingi ni kwenye irabu, mtu anabaki anachagua moja kati ya tano. Mjaribu akikwambia hapa nimebahatisha, hata kama amepatia, badilisha neno moja.

Sasa chini ya viti vyenu kuna karatasi, ni 9 kwa 9, hakuna aliyewahi kuliona isipokuwa mimi. Jazeni kwa peni, msifute kitu, na mkibahatisha pigeni duara. Mimi nakaa hapa pembeni, nanyamaza.