Roboti la Kizamani kwa Vyuma Chakavu: Anza na Sura

Habari zenu wadau, karibuni uani hapa Chang'ombe, Dodoma. Leo tunaunda roboti la makopo, mtindo wa midoli ya bati iliyokuwa ikitoka Japani miaka ya 1950. Hatuchomelei popote. Bati la kopo ni jembamba, ukilipiga welding linatoboka, na lile lenye zinki moshi wake ni sumu.

Mezani nina kopo la rangi la lita 4, kopo la maziwa ya unga, indiketa mbili za bodaboda, spidomita mbovu, springi, spana zilizochakaa na gia mbili nzito za pikipiki. Wenye skrepa wanauza kwa kilo, kwa hiyo mwache apime kwanza. Habari za sanaa utamsimulia ukishalipa. Nyaya za umeme, vipande vya reli na vibao vya barabarani usiguse, hata ukipewa bure, huenda vimeibwa. Na TV ya chogo usiifungue: inaweza kukupiga shoti hata ikiwa imechomolewa.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, panga sura. Wengi wanaruka hapa, ndiyo maana maroboti yao yanabaki makopo. Laza kopo la maziwa, weka indiketa juu yake, zisogeze taratibu. Macho yakikaribiana, roboti linakasirika. Yaachanishe, yashushe kidogo... mnaona? Limekuwa pole, lishamba kidogo. Ndilo ninalolitaka. Indiketa ya kushoto ina ufa, na ufa huo siuzibi.

Sasa ingiza kipande cha mbao ndani ya kopo lisibonyee, gonga alama kwa msumari ili biti ya drili isiteleze, kisha toboa. Riveti, ile pini inayobana vipande vya bati pamoja, ikiwa ya milimita 4 inataka biti ya 4.1. Upande wa ndani vesha washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu, la sivyo bati litachanika. Bana mkasi wa riveti mpaka pini ikatike: tak!

Kichwa na kiwiliwili, yaani kopo la rangi, viunge kwa bolti ya spana 13, springi ikae katikati iwe shingo. Spidomita iende kifuani. Mikono ni springi, viganja ni spana. Mdomo wa spana tayari ni kucha. Gia ziwe miguu. Msiogope uzito, upepo wa Dodoma mnaujua.

Rangi mimi sipaki. Pitisha brashi ya waya kutoa kutu inayomomonyoka, ile iliyoshika iache, kisha vanishi isiyo na rangi. Oili chafu hapana, vumbi letu litaganda lote.

Mwisho, macho. Taa mbili nyeupe za LED ziunge sambamba kwenye betri mbili ndogo za redio zilizopangwa kwa kufuatana. Moja isipowaka, geuza waya zake. Betri na swichi zikae chini ya kifuniko cha kopo la rangi, uzibadilishe bila kung'oa riveti hata moja.