Kesho Atanivalisha Nani?

Wakubwa zangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie fildi ya nje, yaani mafunzo yenu ya vitendo ya fiziotherapia katika nchi nyingine. Wapo kati yenu wanaojiandaa kwenda Ulaya, na wapo watakaobaki hapa Dar kuwapokea wenzao wanaotoka huko kuja kujifunza kwenye wodi zetu. Mimi nimepita pande zote mbili. Nilikwenda Uholanzi nikiwa mwaka wa tatu, nikitokea Moshi, enzi ambazo ukisema unasomea fiziotherapia, hii tiba ya viungo kwa mazoezi, watu wanajua moja kwa moja kwamba uko kwenye hospitali ya KCMC. Sasa ni mwaka wa tisa nasimamia wageni hapa jijini.

Nianze na soksi.

Wiki yangu ya kwanza kule nilipelekwa kwa mzee aliyepata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi mkononi, anahangaika. Mimi nimelelewa Tanga. Mtu wa umri wa babu yangu hawezi kuhangaika na soksi mbele yangu nami nimesimama tu. Nikapiga goti, nikaichukua, nikamvalisha. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliivua ile soksi, akamrudishia mzee, akavuta kiti, akakaa. Tulikaa dakika kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu nilikuwa naitazama saa ya ukutani, sikuweza kumtazama yule mzee usoni. Kwa mkono wake mzima aliunyanyua mguu dhaifu, akaulaza juu ya goti la pili, akaupanua mdomo wa soksi kwa vidole vitatu. Ikateleza. Akaanza tena, ikateleza. Mara ya tatu ikapita kisigino. Ndipo akanigeukia, akasema neno ambalo msimamizi alinitafsiria: "Kesho atanivalisha nani?"

Mkewe alikuwa ameshafariki na watoto wanaishi mbali. Nyumba yake ilikuwa na zile ngazi za Kiholanzi, nyembamba na zenye mwinuko mkali, na chumba cha kulala kiko juu. Asipoweza kuvaa na kupanda mwenyewe, harudi kwake, anapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ile soksi ndiyo ilikuwa tiketi yake ya kurudi nyumbani, na mimi kwa heshima zangu nilikuwa nimemnyang'anya.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kama nilivyolelewa ni kosa, na imenichukua miaka kupata jibu. Malezi yangu yalikuwa sahihi, ila yalikuwa sahihi kwa nyumba nyingine.

Sikilizeni la upande wa pili. Miaka michache iliyopita nilimsimamia binti kutoka Ulaya, mwanafunzi mzuri sana, makini. Tulimpa mama mmoja wa Mbagala, naye kiharusi. Binti alimpima kwa kile kipimo tunachokiita TUG: mgonjwa anainuka kwenye kiti, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anakaa, nawe unahesabu sekunde. Kilichapishwa 1991 na wataalamu wa Canada, na ni kipimo kizuri, nakitumia mpaka leo. Mama alifanya vizuri. Binti akaandika kwenye faili kwamba malengo yamefikiwa. Mama akaruhusiwa, wakaagana kwa kukumbatiana.

Baada ya wiki mbili akarudi, kakonda. Tulimuuliza binti yake aliyekuja kumuuguza, akasema, "Mama hali na sisi siku hizi. Chakula tunampelekea kitandani." Kwa nini? Kwa sababu nyumba ile inakula chini, kwenye mkeka. Mama akishuka hawezi kuinuka, na anaona aibu kunyanyuliwa na wakwe zake. Swala nayo anaswali amekaa, na kila akitoa salamu analia.

Ile TUG inaanzia kwenye kiti chenye mikono, kimo chake sentimita 46 hivi. Kipimo cha Berg, cha kupima uwezo wa mwili kusimama bila kuyumba, kina vipengele 14 na alama 56. Kipo cha kuokota kitu sakafuni na kipo cha kusimama kwa mguu mmoja, lakini hakuna hata kimoja kinachouliza: je, ukiwa umekaa chini, unaweza kuinuka? Waliovitunga hawakukosea. Waliwapima watu wanaokaa kwenye viti.

Tukatandika jamvi palepale kliniki. Tulianza na hatua ya mwisho, ile rahisi zaidi: mama kapiga goti moja, mguu wa mbele umekanyaga, mkono mzima juu ya kigoda, anasukuma anasimama. Alipoiweza tukarudi nyuma hatua moja, kutoka magoti mawili kuja goti moja. Kisha kutoka kukaa kwa upande, akiegemea kiwiko, hadi magoti mawili. Kila siku kipande kimoja. Yule mwanafunzi alikaa naye chini, sketi imejaa vumbi, anahesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, haya mama, inuka. Wiki ya nne mama aliinuka kutoka jamvini bila kushikwa na mtu. Kwenye faili, chini ya malengo, mwanafunzi huyo akaandika: kula na watoto. Ni mstari bora kuliko yote niliyowahi kuisaini.

Na hapo ndipo wanapohusika vijana waliovunjwa mguu na bodaboda, maana hao ndio watakaojaza foleni yenu. Goti likikunja nyuzi 90, kijana anakaa kwenye kiti vizuri. Lakini kuchuchumaa hadi chini kunataka zaidi ya nyuzi 130. Usipomuuliza choo cha kwao ni cha aina gani, utamruhusu na goti la nyuzi 90, naye ataona haya kukueleza. Hali kadhalika kiti mwendo chenye vigurudumu vidogo mbele: kwenye sakafu ya hospitali kinateleza kama maji, kwenye mchanga wa Mbagala kinazama.

Sasa, mtu asidhani nasema huko nje hakuna cha kujifunza. Lipo moja lililonibadilisha kabisa. Uholanzi, tangu 2006, mgonjwa anaweza kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia bila barua ya daktari. Anatoka mtaani anaingia, mgongo unauma, na wewe ndiye wa kwanza kumwona. Nilizoea mgonjwa anakuja na faili, daktari ameshaandika ugonjwa, kazi yangu mazoezi. Kule nililazimishwa kabla ya kumgusa mtu niulize: umepungua uzito bila sababu? Maumivu yanakuamsha usiku? Umewahi kuugua saratani? Mkojo unautawala? Kwa sababu huo mgongo unaweza kuwa na jambo ambalo mazoezi hayalitibu, na ukichelewa kumpeleka kwa daktari, umemponza. Nilirudi na tabia hiyo na sijaiacha hata mgonjwa anapokuja na faili nene.

Kwa mtakaowapokea wageni: wafundisheni salamu kabla ya misuli. Mzee wa Temeke asiposikia shikamoo atajibu maswali yote kwa "ndiyo". Waelezeni kwamba mgonjwa akiulizwa hali atasema "nzuri" au "sijambo" hata kama hawezi kugeuka kitandani. Hiyo ni adabu ya kuanza mazungumzo, ugonjwa unafuata baadaye. Na wajue kwamba kwetu "mguu" ni kuanzia nyongani hadi kidoleni, kwa hiyo waombe waonyeshwe kwa kidole. Mgonjwa akilalamika, "Mbona hunichui?", wasichukie. Watu wetu wanajua mkono wa kuchua tangu utotoni na wanaona ndiyo tiba yenyewe. Wachue kidogo, halafu waeleze kwa nini leo anatembezwa.

Nina la kusema kwa ukali kidogo. Mwanafunzi, awe wa huku au wa kule, asifanye kwa mgonjwa wa nchi nyingine jambo ambalo kwao haruhusiwi. Nimeona mgeni akiachiwa chumba kizima cha watoto wenye mtindio wa ubongo, peke yake, hajawahi kumshika hata mmoja, kwa sababu tu kaja na koti jeupe. Wale watoto wana haki ya mtu anayejua anachofanya. Na picha: mtoto aliyevuliwa nguo kwa matibabu hapigwi picha ya kupelekwa kwa marafiki. Mkiona hivyo, zuieni, hata kama mgeni ni mkubwa kwenu kwa umri.

Mambo ya safari nitapita haraka. Visa fupi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, mwisho wake ni siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo hesabuni kwa siku, msihesabu kwa miezi. Wiki 12 ni siku 84. Chanjo ya homa ya ini B iwe imekamilika na cheti kiwe mkononi. Bima. Na mkienda Desemba, jiandaeni kwa jua linalochomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Upweke wake ni mzito, mpigieni mtu nyumbani kila siku.

Nimekuja na futi za fundi cherehani, zile laini za sentimita 150, ziko kwenye kapu hapo mlangoni. Kila mmoja achukue moja. Wikiendi hii nendeni kwa bibi, kwa shangazi, kwa mzee yeyote wa mtaani kwenu, muombe ruhusa, mpime: kimo cha kitanda chake, cha kigoda, cha kizingiti, upana wa mlango wa choo. Muulizeni anakula wapi, analala na nani, nani anamtekea maji. Andikeni. Mtu wa kwenda Ulaya aiweke karatasi hiyo kwenye begi, na mgonjwa wake wa kwanza kule ampime hivyohivyo. Jumatatu nitawasubiri na karatasi zenu.