Mtoto wa Macho, Mtoto wa Masikio

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba kabisa, tusipotezeane muda.

Nimeitwa hapa Bagamoyo nizungumzie kumfundisha kila mwanafunzi kwa mtindo wake. Nitaanza na kosa langu.

Zamani nilitoka kwenye semina na karatasi ya maswali. Ukiyajibu, unaambiwa wewe ni wa macho, wa masikio, wa kusoma na kuandika, au wa kutenda. Mgawanyo huo ni wa Neil Fleming wa New Zealand, wa mwaka 1992. Nikagawa darasa. Kijana mmoja, baba yake fundi wa majahazi, nikambatiza "mtoto wa mikono". Wenzake wakisoma, yeye anapima, anakata, anabandika. Alifurahi, nami nikafurahi. Mwaka ukaisha, kusoma kwake kuko palepale. Nilimfungia mlango huku najidai namfungulia.

Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wa Marekani, walipitia tafiti wakitafuta ushahidi kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Hawakuupata wa kutosha. Kwamba kila mtu ana anachokipenda, hilo halina ubishi. Lakini kupenda si kufaidika. Mimi napenda halua; daktari wangu hayajali kabisa mapenzi hayo.

Basi njia anachagua nani? Mara nyingi, somo lenyewe. Chukua tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti: ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, mizani (silabi) 8; utao, nusu ya pili, mizani 8. Asiyelisikia shairi likighaniwa atahesabu silabi kama anayehesabu matofali. Hapo hakuna cha mtoto wa macho, wote waghani. Ramani, wote wachore. Ua, wote walipasue waone kilichomo.

Sasa la bahari, maana tuko pwani. Maji kupwa na kujaa, kitabuni, ni jua, mwezi, dunia na mishale. Mimi mchoro nauacha kwanza. Kwa wiki nzima wanaokaa karibu na ufuko wanaandika saa maji yalipojaa, na wengine wanachora jedwali. Namba zikikusanyika, wanaona wenyewe kwamba kila siku maji yanachelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Kwa nini? Hapo ndipo nauchora mwezi, na hakuna anayesinzia.

Mtoto wa mvuvi anajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, tangu hajaanza shule, ila hakuna aliyemwambia kwamba ile ni jiografia. Aliyehamia juzi kutoka Dodoma hajawahi kuona maji yakipwa. Tofauti ninayoiogopa mimi ni hiyo: nani anajua nini kabla hujafungua mdomo.

Na lugha. Yule wa mvuvi akifika kidato cha kwanza, ujuzi wake wote unakuwa bubu, kwa sababu swali limekuja kwa Kiingereza. Tunamwandika "mzito". Mzito wapi! Mpeleke kwenye ngalawa uone nani mzito. Mimi namwacha aeleze kwanza kwa Kiswahili, ubaoni, kwa mikono, hata kwa kuchora mchangani akitaka. Kisha tunatafuta pamoja maneno ya mtihani, moja baada ya jingine. Inakula vipindi viwili, na mkuu wa taaluma atanuna.

Mwalimu wa hisabati pale nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema halua. Karibu, mwalimu.