Hewa Ilipatikana, Vidonda Vikabaki: Kuhusu Kulala na Lenzi Machoni

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo tusingeona vizuri. Oksijeni yake huitoa hewani, kupitia machozi. Mtu akifumba macho kulala, konea hubaki ikitegemea mishipa iliyo upande wa ndani wa kope, na oksijeni hushuka hadi karibu theluthi ya ile ya mchana. Ndiyo maana hata asiyevaa lenzi, zile zinazowekwa juu ya jicho badala ya miwani, huamka konea imevimba kidogo, asilimia 3 au 4. Akikaa macho kwa muda, uvimbe unanywea.

Sasa weka lenzi katikati ya konea na kope, kisha ulale. Lenzi laini za mwanzo, zilizotokana na kazi ya mkemia Otto Wichterle kule Prague, zilipitisha oksijeni kwa njia ya maji yaliyomo ndani yake, nayo maji hubeba kidogo tu. Hata hivyo, mwaka 1981 Marekani iliruhusu lenzi za namna hiyo zivaliwe hadi siku 30 bila kuvuliwa. Usiku mmoja tu uliweza kuvimbisha konea kwa zaidi ya asilimia 10!

Utafiti ninaourudia kila mara ulifanyika Gothenburg, Uswidi, ukachapishwa mwaka 1985 na mtafiti wa macho Brien Holden na wenzake. Watu 27 walikuwa wamevaa lenzi jicho moja tu, kwa wastani wa miaka 5 hivi. Jicho la pili ndilo lililokuwa kipimo, na sijui kipimo cha haki kuliko hicho. Jicho lenye lenzi lilikuwa na vijifuko vidogo kwenye ngozi ya konea, na ngozi yenyewe imekonda. Lenzi zilipovuliwa, ngozi ilipona. Lakini seli za tabaka la ndani kabisa, zilizokwisha kupotoka ukubwa, hazikurudia hali yake hata baada ya miezi 6.

Viwanda vikaja na silikoni, ambayo yenyewe hupitisha oksijeni kwa wingi. Lenzi hizo ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, na sisi wa fani hii tulifurahi kwa haki: wekundu ulipungua, na mishipa ikaacha kuota kuingia kwenye konea.

Vidonda vya maambukizi, hata hivyo, havikupungua. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walihesabu wagonjwa wapatao 21 kwa mwaka kati ya kila watu 10,000 wanaolala na lenzi laini, dhidi ya 4 kwa wanaozivua. Mwaka 2008 Australia ilipima tena, safari hii zikiwemo lenzi za silikoni: wanaolala nazo, takriban 25.

Kwa nini? Jicho lililofumbwa halipepesi. Machozi yanatuama chini ya lenzi, uchafu hausafishwi, na bakteria aina ya Pseudomonas hupata pa kujishikiza. Anaweza kuitoboa konea ndani ya siku chache.

Kwa hiyo nasema wazi: vua lenzi kabla ya kulala, hata kama boksi linasema siku 30. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likikimbia mwanga, vua na uende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Lenzi ibebe kwenye kikopo chake, maabara wataihitaji. Na tafadhali, usipitie duka la dawa kununua matone yenye steroidi. Yanatuliza wekundu huku kidonda kikiendelea kuchimba.

Karibuni maswali.