Tunaogopa Ng'ambo, au Tunaogopa Kuchekwa?

(Mazungumzo na vijana wa sanaa na wazazi wao, Bagamoyo)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Kina mama mliotupikia chai, ahsanteni sana, Mungu awazidishie.

Nimeombwa nizungumzie hofu ya kusafiri nje ya nchi, na hapa Bagamoyo jambo hili linatuhusu hasa. Vijana wetu wa ngoma na sarakasi wanaalikwa kwenye matamasha ya mbali. Wapo waliopata mwaliko, viza ikatoka, nguo zikapigwa pasi, na siku ya safari wakaingia mitini. Ukimuuliza huyu, anasema tumbo lilimkamata. Yule, mama mkwe wake kaota ndoto mbaya. Wa tatu anakwambia baridi ya Ulaya haina dawa, na hajawahi kuvuka mto Ruvu.

Kwa muda mrefu tumewaambia watu hawa, "Usiogope, ndege haianguki ovyo." Ni kweli, lakini hatujawatibu wanachoumwa. Niliokaa nao na kuwasikiliza, wengi hawaogopi kufa. Wanaogopa kuaibika mbele za watu.

Shangazi yangu ni mwanamke aliyevuka kwenda Unguja kwa mashua, bahari imechafuka, wanaume wanatapika, yeye anakula muhogo wake. Alipojaliwa safari ya Umra, usingizi ukamkimbia. Tukamsomea Yasini, tukamtuliza kwa habari za marubani. Siku moja akaniita chumbani, akarudisha mlango, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hicho choo cha kwenye ndege, mlango wake unafungwaje?"

Basi hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Nami nitawaeleza kama nilivyomweleza yeye. Mlango wa choo kile mara nyingi hukunjika katikati, kwa hiyo usiuvute, usukume pale kwenye mkunjo. Ukiingia, sukuma kitasa cha pembeni mpaka mwisho. Taa itang'aa, na nje kitaonekana kialama kwamba kuna mtu. Ukimaliza, funika, kisha bonyeza kitufe cha kusafishia. Hapo jikaze, maana kitapiga kishindo! Choo kile hakisafishi kwa maji mengi kama vyetu, kinavuta kwa nguvu ya hewa. Wapo waliotoka mbio wakidhani wamefungua mlango wa ndege. Hujafungua kitu, mama, rudi ukanawe. Na kwa sisi tunaotawadha, beba chupa ndogo tupu, ujaze kwenye bomba la kunawia humohumo. Shangazi aliposikia habari ya chupa, uso ukamkunjuka, tukacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Usiku ule alilala fofofo.

Masikio nayo. Ndege inaruka juu ya mita 10,000, na hewa ya ndani hushindiliwa iwe kama ya mtu aliye juu mlimani, mita 2,000 hivi. Ndiyo maana masikio yanaziba ikipanda na ikishuka. Meza mate, piga miayo, tafuna ubani. Si ugonjwa, wala hujarogwa.

Mambo ya karatasi sitakaa nayo sana. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza mwaka 2018, ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Chanjo ya homa ya manjano unachoma mara moja, na tangu 2016 kadi yake inatambuliwa maisha yako yote, kwa hiyo itunze. Achari ya embe unayompelekea mwanao usiiweke kwenye begi la mkononi. Viwanja vingi haviruhusu chupa ya majimaji inayozidi mililita 100, na inauma kuona achari ya wiki mbili inatupwa pipani mbele ya macho yako. Iweke kwenye begi kubwa, ifunge vizuri kwa nailoni, na uulize kwanza kama nchi ile inaruhusu vyakula.

Afisa wa uhamiaji anataka kujua umekuja kufanya nini, utakaa wapi, na utarudi lini. Jibu fupi, la kweli, na onyesha mwaliko wako. Kiingereza kikikukimbia, omba mkalimani. Hakuna dhambi hapo.

Tena nyinyi ni watu wa mji uliotoa wasafiri, na kupitisha wengine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa hapa hapa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Susi na Chuma, waliokuwa katika msafara ulioufikisha mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, hapa pwani, walifika Uingereza mwaka huohuo wa 1874. Nani aliwaeleza watakuta nini? Walitazama, wakauliza, wakajifunza.

Sasa niseme na nyinyi mliokwenda mkarudi, maana lawama kubwa naiweka kwenu. Mnaturudia na manukato, na picha mmesimama mbele ya maghorofa. Hamtuambii kwamba mlisimama mbele ya ngazi za umeme, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, watu wamejipanga mgongoni. Hamsemi kwamba mlisubiri begi kwenye mkanda usio wa ndege yenu. Kijana wa Dunda hapa Bagamoyo anatazama picha zile, anaamini nyinyi mlizaliwa mnajua, na kwamba mshamba ni yeye peke yake duniani. Akikunja mwaliko wake na kuusokomeza mfukoni, tumemnyima riziki kwa kunyamaza kwetu. Jambo hili linanichoma.

Kwa hiyo leo sitaki maswali kwanza. Nataka masimulizi. Wako sita au saba humu ninaojua wamepanda ndege, na kipaza sauti hiki hapa. Dada wa sarakasi, naona umeshaanza kucheka. Njoo, tuanzie kwako. Ngazi za umeme, au choo?